Jua Likiwaka, Maji Ni Salama

Jumatatu, 4 Machi

Jua kali. Muhula umeanza. Niliomba wanafunzi wanne wa mradi, nimepewa wawili. Niliomba chumba, nimepewa meza ya dirishani na friji inayonguruma mpaka ukitaka kusema jambo la maana usubiri inyamaze. Mkuu wa Idara amesema nishukuru, wenzangu hawana hata friji. Nimeshukuru huku nimeuma meno.

Wanafunzi wenyewe ni hawa. Kijana ambaye wenzake humwita Umeme, kwa kuwa huanza kuandika programu kabla hujamaliza kumweleza unachotaka. Na binti wanayemwita Kobe, kwa kuwa swali la jana hulijibu leo. Majina hayo wameyakubali wote wawili, nami nimeyafuata.

Kazi yetu ni kihisi cha maji. Kikaratasi kidogo kimepakwa protini. Maji yakiwa na madini ya risasi, yale ya kwenye betri, protini inayashika na rangi ya kikaratasi inabadilika kidogo sana, jicho halioni. Kwa hiyo kikaratasi kinapigwa picha kwa simu, na programu inaisoma picha hiyo na kutoa neno moja: SALAMA au SUMU.

Kwangu mimi hili si jambo la kwenye makaratasi tu. Dada yangu mkubwa ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Shule yake imechimbiwa kisima, lakini ng'ambo ya ukuta palikuwa na kiwanda cha betri, na dada amekitia kisima kufuli mpaka ajue maji yana nini. Sampuli zilipelekwa maabara kuu ya maji tangu mwaka jana, majibu mpaka leo ni hadithi. Watoto wanakuja na vichupa kutoka nyumbani, na ikifika saa sita vichupa vimekauka.

Alhamisi, 7 Machi

Joto. Nimewafundisha protini. Niliwaambia wafikirie mkufu wa shanga unaojikunja wenyewe, na ukibadilisha shanga moja mkunjo wote unaweza kuharibika. Umeme alikuwa ameshaelewa, au alijitia ameelewa. Kobe alikaa kimya mpaka tunafunga mlango.

"Mwalimu, tutajuaje kwamba protini imeshika risasi, siyo kwamba inashika chochote kinachopita?"

"Ndiyo kazi ya programu yako," nilimjibu. "Ikutafutie inayochagua."

Umeme alicheka, akasema kwa mwendo wa Kobe tutapata jibu tukishazeeka.

Ijumaa, 15 Machi

Kundi la mwaka jana lilituachia kwenye friji bakteria wanaotengeneza protini za aina mbalimbali. Kobe ameandika programu inayozipanga: ipi itashika risasi na kuiacha chokaa, ambayo maji yote ya hapa yamejaa. Kichwani mwa orodha imetokea protini ambayo hakuna aliyewahi kuitaka. Tumeipeleka kwa wakemia kwenye mashine yao ya kupima mwanga. Inashika risasi barabara, chokaa haiigusi. Nilimpongeza. Akasema angependa kurudia kipimo.

Alhamisi, 21 Machi

Jua linachoma. Tumeanza kupiga picha za kuifundishia programu ya Umeme. Nimetoa amri: tumalize kwanza vikaratasi vyote vya maji safi, ndipo chupa ya risasi itoke kabatini. Tone moja la risasi likibaki kwenye pipeti ya kudondoshea maji, picha zote za maji safi ni za kutupa. Sheria hii niliwekewa nikiwa mwanafunzi, na sijawahi kuona sababu ya kuivunja.

Jumatatu, 25 Machi

Vikaratasi vya maji safi vimekwisha. Picha nzuri, dirisha linaangaza vizuri.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Tumeanza vikaratasi vya sumu.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Nguo zangu zina siku tatu kwenye kamba.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Paa linavuja juu ya friji. Nimeripoti kwa Mkuu, akasema fundi yuko njiani. Njia hiyo sijui inaanzia wapi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua, lakini leo ni siku njema. Umeme alikuwa ametenga picha ambazo programu haikuwahi kuziona, akaipa iamue. Katika kila mia, imepatia tisini na saba. Alizunguka meza akipiga vidole, hata mimi nilicheka.

Habari zilimfikia Mkuu kabla sijapanda ngazi kumwambia. Alishuka mwenyewe, mara ya kwanza tangu muhula uanze. Alilikwepa beseni linalokinga maji ya paa, akawashika wanafunzi mabegani, akapigwa picha. Papo hapo alitangaza kwamba tarehe kumi Mei kihisi kitakabidhiwa kwenye shule ya dada yangu, mgeni rasmi atakuwepo, na kisima kitafunguliwa.

Nilimpigia dada. Akasema, "Mdogo wangu, umeniondolea mzigo." Nililala vizuri.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Kobe anataka turudie kupiga picha. Nimemuuliza kwa nini, akasema hajui, ila programu inajibu haraka mno kwa jambo lililo gumu. Hiyo si sababu ya kisayansi. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo sasa ningetamani ingekuwa ya chini kidogo. Umeme alinuna siku nzima.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua ilikatika asubuhi na jua likatoka ghafla, la kuumiza macho. Nilimkuta Kobe dirishani na kikaratasi kilicholoweshwa maji ya risasi, nayo risasi imejaa mara nyingi kupita kiasi cha hatari. Alikipiga picha. Simu ikasema SALAMA.

"Umechanganya chupa," Umeme alimwambia.

Kobe hakubishana. Alichukua kikaratasi kingine, akakilowesha mbele yetu kutoka kwenye chupa ile ile yenye alama ya fuvu. SALAMA. Umeme akanyang'anya simu, akapiga mwenyewe. SALAMA.

Baada ya chakula cha mchana mawingu yalirudi, chumba kikaingia giza. Kobe akaweka dirishani kikaratasi kikavu ambacho hakijaguswa na maji yoyote tangu kikatwe. SUMU. Kisha, taratibu kama kawaida yake, akakiondoa na kuweka kisosi changu cha chai. Programu yetu ya tisini na saba kwa mia ilikitazama kisosi ikasema SUMU.

Hapo nilielewa, na nilitamani sakafu inimeze. Maji safi yote tuliyapiga picha wakati wa jua. Ya risasi yote tuliyapiga picha mvua ikinyesha. Programu haikujifunza risasi hata chembe, ilijifunza mawingu. Na zile picha ambazo "haikuwahi kuziona" zilitoka kwenye siku zile zile, ndiyo maana ilifaulu mtihani wake kwa mbwembwe. Aliyepanga maji safi yaanze na sumu ifuate si Umeme. Ni mimi, na usafi wangu.

Niliwaambia hivyo. Umeme alikuwa ameshafunika uso kwa mikono. Kobe akasema, "Protini haina kosa, Mwalimu. Mkono unashika. Jicho ndilo bovu."

Alisema bila majivuno. Jicho linatengenezeka. Tutapiga picha upya, mwanga mmoja, sumu na safi zikiwa zimechanganywa siku moja. Ni kazi ya miezi miwili. Kesho kutwa namwona Mkuu, sherehe iahirishwe.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Damu imenichemka mpaka sasa haijapoa.

Nilimweleza Mkuu kila kitu, hadi kisosi. Alisikiliza vizuri, huo ndio ubaya wake, anasikiliza vizuri sana. Hata aliuliza swali la maana: "Kwa hiyo penye mwanga inasema salama, penye kivuli inasema sumu?" Nikasema ndiyo hasa. Akaandika kitu. Nikajua tumeelewana.

Kisha akafunga kalamu. "Mwalimu, kadi za mwaliko zimetoka. Mgeni rasmi hapatikani kirahisi."

"Mkuu, ni maji ya watoto."

"Kuna mtu amesema maji yale ni mabaya? Una ushahidi?"

"Sina. Wala ushahidi kwamba ni mazuri sina. Ndiyo maana kisima kina kufuli."

"Basi tukabidhi, tupige picha, marekebisho yafuate taratibu. Kila kifaa duniani kinaboreshwa kikiwa kazini."

Nilimwambia kifaa hiki si redio. Redio ikikosea unasikia mkwaruzo. Hiki kikikosea mtoto anakunywa, anashukuru, anarudi darasani, na risasi inamkaa mwilini inamla akili kidogo kidogo, mwalimu wake akidhani ni mzembe. Alinitazama kwa huruma, akasema nimechoka, nichukue likizo fupi.

Nilitoka bila kuaga. Nimelelewa kuaga, lakini leo adabu ilinishinda.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Kobe ameandikiwa barua. Amehamishiwa mradi mwingine "kwa kukosa kasi inayohitajika." Ndiye aliyepata protini, ndiye aliyegundua kosa, na ndiye anayefukuzwa kwa kwenda polepole. Nimeisoma barua hiyo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, na hasira haikupungua popote.

Umeme amesifiwa kwenye ubao wa matangazo. Picha yake na Mkuu imebandikwa. Kwangu anapita akiangalia viatu. Nimemhesabu upande wa pili.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Fundi wa paa amekuja. Amepaka rangi ukuta wa mbele ambako wageni watapita, akaondoka. Beseni liko pale pale.

Jumapili, 28 Aprili

Nilikwenda kwa dada. Nilidhani nitamwambia na mambo yataisha, kumbe Mkuu alinitangulia kwa simu. Alimwambia, kwa upole wote, kwamba mimi ni mtaalamu mzuri ila nina wasiwasi wa kupita kiasi, na sipendi kuona wanafunzi wakisifiwa kuliko mimi.

"Na wewe umemwamini?" nilimuuliza.

"Sijasema nimemwamini. Nasema wewe mwenyewe ndiye ulinipigia ukasema iko tayari. Wazazi nimeshawaambia. Wiki iliyopita mtoto alizirai mstarini kwa kiu. Leo unaniambia funga, yeye ananiambia fungua, na mimi hiyo kompyuta yenu siijui hata mlango wake. Nimshike nani?"

"Nishike mimi, dada. Tumenyonya ziwa moja."

"Ziwa halipimi maji," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Nionyeshe kwa macho yangu. Nisipoona, siku ya sherehe ufunguo nitautoa."

Alinifungia chakula cha kuondoka nacho kama mtoto mdogo. Njiani nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Ijumaa, 3 Mei

Mawingu. Nimeandika kwa wakubwa wa Mkuu. Wamejibu kwamba jambo langu limepokelewa.

Jumatano, 8 Mei

Jua kidogo, mawingu kidogo. Kobe amekuja kuniona ingawa mradi si wake tena. Ameokota sanduku la viatu, amelipaka rangi nyeusi ndani na kutia taa ndogo juu. Kikaratasi kinaingia chini, simu inachungulia tundu. Ndani ya sanduku hakuna jua wala mvua. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua wakati wamemfukuza. Akasema barua ilimhamisha mradi, haikumkataza kuwa na sanduku.

Ijumaa, 10 Mei

Nataka kuandika hii kwa mpangilio, nisije baadaye nikaambiwa nimetia chumvi.

Jua lilikuwa limewaka vizuri. Watoto wamepangwa mistari, wageni wako chini ya hema zito la kijani. Nilifika mapema nimwonyeshe dada kabla ya sherehe, lakini Mkuu alikuwa ameshamkalisha katikati ya mgeni rasmi na mzee wa kamati, hafikiki. Kobe alisimama nyuma pamoja na wazazi.

Kisha niliona meza. Nilitarajia moja, kulikuwa na mbili. Moja iliwekwa ndani kabisa ya hema, pembe ya nyuma, gizani, na juu yake chupa ya risasi. Ya pili ilikuwa nje kando ya kisima, juani, na juu yake jagi la maji yaliyochotwa asubuhi kisimani. Mtumishi mmoja alijaribu kuisogeza hii ya pili kivulini, wageni wasiungue. Mkuu akamwita kwa kidole. "Iache hapo hapo. Picha zitatoka vizuri."

Wiki tatu nilikuwa najilaumu kwamba sikumweleza vizuri, kwamba nilitumia maneno magumu. Kumbe alielewa kuliko mtu yeyote. Lile swali lake la mwanga na kivuli, alipoandika kwenye karatasi, alikuwa anapanga meza.

Umeme alikuwa kwenye meza ya hemani na simu, amevaa tai. Mkuu alimwamuru aanze. Kikaratasi cha risasi, kivulini: SUMU. Makofi. "Sasa tutoke kisimani," Mkuu alisema, akimpisha mgeni.

Nilisimama. Sikupanga maneno. Nilisema, "Umeme, chukua chupa hiyo ya risasi utoke nayo nje. Ipime juani."

Mkuu alitabasamu kwa wageni, akamgeukia Umeme. "Kijana, kaa. Ratiba ina mtiririko wake."

Umeme alimtazama Mkuu, akanitazama mimi, akamtazama Kobe kule nyuma. Nilijua atakaa. Ana picha ubaoni, ana tai, programu ni yake na anajua itamwaibisha mbele ya shule nzima. Alilegeza tai, akachukua chupa yenye fuvu, akatoka nayo juani. Akalowesha kikaratasi, akapiga picha, akaipaza sauti ya simu.

"Salama," simu ilisema.

Hapakuwa na makofi. Umeme, bila kuambiwa, alibeba jagi la kisima akaliingiza gizani mwa hema. Simu ikasema, "Sumu." Halafu akaweka mezani kofia ya mgeni rasmi iliyokuwa kitini, akaipiga picha. "Sumu." Mtoto mmoja akacheka, wenzake wakafuata.

"Programu hii nimeiandika mimi," Umeme alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Haijui maji. Inajua jua. Kobe alituambia tangu mwezi wa nne, na Mkuu anajua."

Mkuu alianza kueleza kuhusu teknolojia changa. Dada yangu hakumsubiri. Aliinuka, ule ufunguo uliofungwa utepe mwekundu kwa ajili ya mgeni rasmi akauvua utepe, akautia kifuani mwa gauni lake. "Kisima hakifunguliwi," alisema. "Watoto, rudini madarasani."

Alipopita karibu nami hakusimama. Alinishika kiwiko tu, kwa nguvu, akaendelea.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Nimeitwa kujieleza kwa "kuvuruga hafla." Picha ya Umeme imebanduliwa ubaoni, gundi yake imebaki. Umeme mwenyewe alikuja na chai vikombe vitatu akauliza Kobe yuko wapi.

Jumatano, 15 Mei

Nimejieleza. Ukurasa mmoja. Mkuu amerudisha, anataka mrefu zaidi na wenye majuto.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua tangu alfajiri. Majibu ya maabara kuu ya maji yamefika kwa dada hatimaye. Kisima kina risasi, tena si ya kubahatisha. Watoto wasingeweza kuyanywa maji yake hata wiki bila kudhurika. Dada alinisomea kwa simu, sauti ikakatika katikati, ikabidi aanze upya. Wameahidiwa tangi la maji safi. Wameahidiwa, na yeye amewaambia hatoki mlangoni kwao mpaka alione.

Mchana nikaletewa gazeti. Mkuu wetu yumo, suti ile ile ya siku ya hafla, na kichwa cha habari kinasema Idara yake "ilibaini hatari mapema na kuzuia kisima kufunguliwa." Anasifu "utamaduni wa tahadhari" aliouasisi. Kobe hayumo. Umeme hayumo. Barua ya kumhamisha Kobe haijafutwa, na yangu ya majuto bado inadaiwa.

Nilitoa povu. Nilisema nitakwenda kwa mhariri, nitakwenda kwa wakubwa, nitasimama getini na kisosi cha chai mkononi. Niliongea mpaka friji ikanyamaza. Wanafunzi wangu wawili walikuwa wameinamia sanduku la viatu mezani, chini ya paa linalovuja, wakifundisha programu mpya kwa picha za sandukuni.

"Mwalimu," Kobe alisema nilipovuta pumzi, "utatusaidia kushika taa? Waya umelegea."

Nikashika taa. Umeme akaingiza kikaratasi cha maji ya kisima cha dada. SUMU. Hakuna aliyeshangilia, neno hilo tulishawahi kulisikia. Kobe akakitoa, akakiingiza cha maji safi, akaangalia dirishani kwanza. Nje kulikuwa kweusi na mvua inapiga vioo. Akabonyeza.

SALAMA.

Aliomba kurudia kipimo. Tumerudia mpaka jioni.